Gari la Mafiga Lililotembea Kwenye Televisheni

Kamera ya kwanza niliyopewa kuibeba ilikuwa nzito kuliko mtoto wangu wa kwanza, na sikuruhusiwa kuigusa mpaka nilipokwisha kubeba stendi yake kwa miezi. Nalisema hili kwa ajili yenu mnaobaki kazini, ambao kamera zenu zinaingia kwenye mkoba wa harusini na nafasi ya leso inabaki. Mwezi uliopita mmeniaga kwa hafla nzuri, mkanipa saa ya ukutani na keki yenye picha ya kamera, na mmoja wenu, simtaji, akaanza kuikata keki palepale kwenye lenzi. Mkaniomba niandike yale niliyoyaona kazini. Nitaandika. Vyeo na mishahara naviruka; havina picha.

Nimekulia Kilakala, Morogoro, mama yangu akiwa mpishi wa shule. Nilipata kazi Dar es Salaam miaka ile televisheni ilipokuwa changa huku Bara, wakati watu wa mtaa mzima walikuwa wakijazana sebuleni kwa jirani mmoja kutazama taarifa ya habari, na wengine wakimwitikia msomaji akisema habari za jioni. Siku yangu ya kwanza nilishika mwavuli. Kulikuwa na mvua na kiongozi alikuwa akizindua kisima, na mwavuli ule haukuwa wa kiongozi wala wangu, ulikuwa wa kamera. Nilirudi nyumbani nimelowa mpaka mifupa, nikamwambia mama, aliyekuwa amenisindikiza mjini, kwamba nimeanza kazi ya televisheni. Aliniangalia kutoka juu hadi chini, akaniletea khanga kavu.

Aliyenifundisha kazi ni marehemu Bwana Salehe, mpiga picha mkongwe aliyeanzia kwenye studio ya picha za pasipoti. Hakuwa na maneno mengi. Alinifundisha kupangusa lenzi kwa brashi laini ya rangi, kufunga kamera kwa mfuko wa sukari mvua ikinyesha, na kutotembea kinyumenyume bila mtu wa kunishika kiuno, maana yeye mwenyewe aliwahi kutumbukia mtaroni mbele ya bibi harusi. Lakini somo lake kubwa lilikuwa la adabu. Ukifika nyumbani kwa mtu, alisema, salimia, kaa, kunywa maji uliyopewa, ndipo ufungue mkoba. Mtu akiiona kamera kabla hajakuona wewe, utarudi na picha za mtu anayetazama kamera.

Nimepiga mafuriko, mechi, misiba, maonyesho ya Nanenane yasiyohesabika. Nimepiga treni iliyoanguka na mtoto aliyepatikana. Hayo mengine mnayajua, na mengi yamo kwenye maktaba yetu. Nataka niwaeleze kazi moja ambayo haimo tena, au imo kwa namna ambayo ni afadhali isingekuwamo.

Miaka ya karibuni, ving'amuzi vilipoenea, vilikuja vipindi vya kigeni vya watu wanaojiundia magari nyumbani. Mmeviona. Mtu analetewa gari lililo vipandevipande ndani ya makreti: chesisi, yaani fremu ya chini, vipande vya bodi ya faiba, mfuko wa bolti na kitabu cha maelekezo. Injini na giaboksi anatafuta mwenyewe kwenye gari bovu. Analiunga uani kwake, siku za mapumziko, na kazi hiyo kwa kweli humla mtu miaka. Kwenye televisheni inachukua saa moja pamoja na matangazo. Kreti linafunguliwa, watu wanashangilia. Katikati ya kipindi kifaa kimoja kinakosekana na wawili wananuniana. Muziki unakimbizwa. Mwishoni turubai linavutwa, mke anashika mdomo, gari linaondoka. Mke mwenyewe hashiki spana hata siku moja. Huja mlangoni na chai, anasema mume wangu analipenda gari hili kuliko mimi, watu wanacheka, anarudi ndani. Hakuna anayesubiri gundi ikauke. Hakuna anayeumwa.

Nilivipenda vipindi hivyo, sitawadanganya. Naye Kelvin, mwongozaji wetu kijana, alivipenda zaidi. Kelvin alikuwa mchapakazi na mwenye akili, wala sitaki mtu asome haya amchukie. Alitaka Watanzania nao waonekane wakiunda magari yao, jambo ambalo ni zuri. Picha za gari moja la Morogoro zilikuwa zikizunguka kwenye simu za watu, akauliza nani anaufahamu mji ule. Nikanyoosha mkono. Hivyo ndivyo nilivyoingia, nikiwa kamera ya pili. Kamera ya kwanza humfuata mhusika na mtangazaji. Ya pili hupiga vya kujazia: mikono, vifaa, kuku wanaopita, mlima ukiwa na mawingu.

Nyumba ilikuwa Mafiga, ya matofali, na ua nyuma yake. Mwenyewe aliitwa Mzee Mkude, mrefu, mkimya, amestaafu ufundi mitambo katika kiwanda cha sukari. Mkewe, Yustina, watu wote walimwita Mama Stela kwa jina la binti yao. Alikuwa fundi cherehani, na futi ya kupimia ilikuwa shingoni mwake tulipofika na ilikuwa bado shingoni tulipoondoka. Tulisalimia, tukakaa, tukanywa maji. Gari lilikuwa uani chini ya turubai. Dogo, la watu wawili, bodi yake bado ina rangi ya kijivu ya faiba, mbele limeinama kidogo kama linanusa ardhi. Injini haikuwamo. Mzee Mkude alikuwa akiitengeneza upya pembeni, juu ya meza, na krenki yake, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, alikuwa amepata fundi wa kuichonga huko Dar es Salaam.

Kelvin alikuja na mpango wake umekwisha kukamilika kichwani. Alimwomba Mzee aseme kwamba amebakiwa na siku kumi tu. Mzee akauliza siku kumi za nini. Kelvin akaeleza kwamba watazamaji hupenda mtu anayekimbizana na muda. Mzee alifikiri, akasema kama alikuwa hana haraka alipokuwa ameajiriwa, ataipata wapi sasa. Lakini ni mtu muungwana, alisema maneno aliyoambiwa, mara tatu, kila mara kwa sauti ya chini zaidi.

Kisha ikawa zamu ya Mama Stela.

"Mama, wewe simama hapo mlangoni," Kelvin alimwambia. "Sema tu: mume wangu analipenda gari hili kuliko mimi. Halafu cheka kidogo."

Mama Stela aliishika futi yake kwa mikono miwili. "Hilo siwezi kulisema, mwanangu," akasema. "Gari hili nimelileta mimi."

Ndipo akatusimulia, naye Mzee akitazama chini. Alikuwa akimshonea mapazia na mashuka mhadhiri mmoja mgeni wa chuo kikuu, mtu mwenye mapenzi ya kuunda magari, aliyeagiza makreti yale yakaja kwa meli. Mkataba wa mhadhiri ukaisha kabla hajafungua hata moja. Siku ya kuondoka akamwambia Mama Stela achague zawadi: friji, seti ya makochi, au yale makreti yaliyokuwa stoo. Wanawake waliokuwapo walimhurumia alipoyachagua makreti. Lakini nyumbani alikuwa na mume aliyestaafu miezi michache nyuma, anayeamka alfajiri kama kawaida, anavaa ovaroli, anakaa nayo sebuleni hadi mchana. Alikuwa hali vizuri. Alikuwa amekwisha kufungua redio, pasi na saa ya ukutani na kuvifunga tena, na hakukuwa na kitu kingine nyumbani cha kufungua. "Nikaona huyu atanifia kwenye kiti," alisema. "Friji lingemsaidia nini?"

Mzee Mkude alikohoa, akasema basi yatosha. Mimi nilikuwa ninarekodi. Kelvin alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akatuambia pembeni kwamba ni hadithi tamu ila itawachanganya watu, maana kipindi ni cha mtu na gari lake. Kwa hiyo Mama Stela akapewa sinia. Chai ilikuwa imekwisha kunywewa asubuhi, chupa tupu, ikabidi alete vikombe vitupu. Mzee akanywa hewa, akajifuta mdomo. Nimeona waigizaji wa kulipwa wakishindwa kufanya hivyo.

Siku mbili zilizofuata kamera ya kwanza ilimfuata Mzee na mtangazaji, nami nikaachwa na vya kujazia. Nikageukia kule ambako kazi ilikuwa ikifanyika bila kuelekezwa. Bodi ile ilikuwa mkononi mwa Mama Stela. Alikata vitambaa vya faiba kwa mkasi wake wa cherehani, akivipima kwanza juu ya gazeti kama anavyopima gauni. Alijifunga khanga puani, akapaka gundi kwa brashi, akalaza kitambaa, akatoa mapovu kwa kidole gumba, kisha akakaa kusubiri ikauke. Ikishakauka, msasa. Mkewe akiwa juu, mume alikuwa chini, chali uvunguni, inaonekana miguu tu. Walizungumza kwa neno mojamoja. Spana. Bado. Shika hapo. Mara kwa mara Mama Stela aliketi ghafla juu ya kreti na kushika kiuno. Nilimuuliza kama anaumwa. Alisema mgongo tu, cherehani ndiyo inayoleta hayo.

Haikuwa cherehani. Tuliporudi Morogoro baada ya miezi mitano kupiga sehemu ya mwisho, alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba ni kansa ya kizazi, na alikuwa akienda Dar es Salaam kuchomwa mionzi. Alikuwa amepungua sana. Alinipokea akiwa amelala kwenye mkeka barazani, akaniuliza habari za mama yangu kwa jina. Mzee naye hakuwa amegusa gari. Krenki ilikuwa bado kwa fundi, haijafuatwa, kwa sababu kila alipokwenda Dar es Salaam alikuwa anakwenda na mgonjwa na kurudi na mgonjwa.

Tarehe ya kipindi kurushwa ilikuwa imekwisha kutangazwa. Kelvin aliona hali ile, akasikitika kweli, akatoka nje kupiga simu. Siku iliyofuata ilifika pikapu kutoka Dar es Salaam yenye mafundi wawili na injini nzima iliyoazimwa gereji fulani. Alimwambia Mzee, "Tutalimaliza gari lako." Mzee aliuliza injini ni ya nani. Kelvin akamjibu asiwe na wasiwasi, hayo wataongea. Mama Stela alisikia yote kutoka barazani. Alimwita mumewe, wakanong'ona, kisha Mzee akarudi akasema sawa. Baadaye Stela, binti yao, aliniambia mama yake alisema nini. Alisema, kama litatembea, nataka nilipande.

Mafundi wale walikuwa hodari. Waliingiza injini, wakaunga nyaya kiasi cha kuwasha, wakapulizia rangi nyekundu bila hata kumalizia msasa upande wa kulia, kwa sababu kamera ingekaa kushoto. Mzee Mkude alisimama pembeni ya gari lake kama mgeni aliyefika mapema. Mara moja alimwonyesha fundi kwamba bomba la breki limepita karibu na ekzosi. Fundi akamwambia kwa upole, mzee, hili linakwenda mita mia tatu tu.

Wakavuta turubai. Majirani walikuwa wamejaa, wakapiga makofi, na makofi yale yalikuwa ya kweli. Mtangazaji akapanda kiti cha abiria, Mzee akashika usukani, gari likaunguruma, likatoka getini, likaenda hadi mwisho wa barabara ya vumbi, likageuza na kurudi. Mama Stela alikuwa ameinuliwa na Stela, ameketi kwenye kiti, amevaa gauni la njano alilojishonea. Nilimwambia Kelvin kwamba mama naye anataka kupanda. Akasema bila shaka, mzunguko wa pili ni wake, tukimaliza tu kumpiga mtangazaji akiaga. Mtangazaji aliaga mara nne. Mara ya tatu mawingu yalikuwa yameshuka kutoka Uluguru, na kabla ya ya nne kwisha mvua ilimwagika kama mnavyoijua mvua ya Morogoro, haina utangulizi. Tulikimbiza vifaa ndani. Barabara ile ikawa tope. Gari halikuwa na paa wala waipa.

Ilipokatika, pikapu ilitakiwa kuondoka. Mafundi wakaingia uani, wakafungua boneti, wakaanza kulegeza bolti za injini. Mzee hakuelewa kwanza. Akadhani kuna hitilafu, akawaletea spana yake. Kelvin alimchukua kando, akamweleza kwamba mwenye gereji anaitaka injini yake, na mimi nilimwona Mzee akitikisa kichwa kukubali, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Injini ikanyanyuliwa kwa mnyororo. Kutoka barazani Mama Stela alisema, "Waache wachukue, Baba Stela. Yetu ipo." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayemtuliza mtoto aliyenyang'anywa kitu cha mwenzake.

Kipindi kilirushwa. Nilikitazama kantini kwetu na wenzangu. Kilikuwa kizuri, nawaambia. Muziki ulikaa, vichekesho vilikaa, siku kumi zilikwisha kwa wakati. Mama Stela alionekana mara mbili: mlangoni na sinia, sauti ya mtangazaji ikimwita mke mvumilivu, na mwishoni amekaa kwenye kiti na gauni lake la njano, anapiga makofi. Mikono yake na ule mkasi ilikuwamo pia, lakini uso ulikatwa, na maelezo yalisema "mafundi wakiendelea na bodi". Nilimwambia Kelvin kwamba ile bodi ni ya mama. Akaniambia kwa heshima, Dada Mwanaidi, kipindi kina dakika zake. Kina kweli. Kuku wangu walipata nafasi ya kutosha.

Mji mzima ulikitazama. Kuanzia siku ile Mzee Mkude hakuweza kupita sokoni Mafiga bila kupongezwa. Watu walimwomba lifti. Wengine walianza kusema ni mchoyo, analificha. Mama Stela alipokwenda Msamvu kupanda basi la kwenda kwenye mionzi, mwanamke mmoja alimtambua, akamuuliza kwa sauti mbele ya abiria kwa nini anahangaika na basi na hali ile wakati kwao kuna gari. Stela alitaka kujibu, mama yake akamfinya. Akamwambia yule mwanamke kwamba gari limepumzishwa. Stela aliponisimulia hayo kwa simu alilia, na mimi nilikaa na simu sikioni. Yeye alikuwa analilia mama, mimi nilikuwa na kitambulisho cha kazi kifuani.

Mama Stela alifariki wakati wa masika. Nilipanda basi nikaenda kuzika.

Kwao ni Kinole, juu milimani, na alitakiwa kuzikwa huko kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake. Wanaowajua Waluguru wanajua kwamba katika jambo kama hilo kaka wa marehemu ndiye mwenye neno. Kaka yake aliitwa Kaspari, mkulima, mtu wa kuheshimika. Aliteremka na watu wake alfajiri. Ua ulikuwa umejaa viti, wanajumuiya wanaimba, jeneza liko sebuleni. Pikapu ya kukodi ilikuwa imefika nje, ina matope ya safari ya jana yake na kamba za kufungia mananasi. Kaspari aliitazama. Kisha akaja mbele ya wanaume waliokaa, akasimama mbele ya Mzee Mkude.

"Shemeji," akasema, "dada yangu atapandishwaje mlimani kwenye gari la mananasi, na wewe una gari? Kinole nzima tumeliona."

Hakuna aliyeinua uso. Mzee Mkude akainuka, akamshika shemeji yake mkono, wakaenda nyuma ya nyumba. Niliwafuata pamoja na Stela, kwa kuogopa kwamba watagombana. Mzee aliondoa turubai. Gari lilikuwa jekundu upande mmoja, upande wa pili rangi imeanza kubanduka. Akainua boneti. Ndani kulikuwa na nyaya zilizokatwa, na chini yake ilionekana ardhi.

Kaspari aliinama akachungulia, akainuka, akachungulia tena.

"Lakini tuliliona linatembea," akasema.

"Hata mimi nililiona," Mzee Mkude akajibu.

Kaspari alivua kofia. Akaanza kuifunga boneti mwenyewe, polepole, kwa mikono miwili, akarudisha turubai na kulichomeka pembe zote. Waliporudi mbele alikuwa amemshika Mzee begani. Aliwaambia watu wake waoshe ile pikapu. Wakaiosha, wakatandika mkeka na khanga, na wanawake wa jumuiya wakaweka majani ya migomba pembeni ili jeneza lisigonge. Njia ya Kinole ilikuwa mbaya, tulishuka mara mbili kusukuma. Tulimzika mchana, mawingu yakiwa yametufunika kiasi kwamba waliosimama upande wa pili wa kaburi walionekana kama vivuli.

Nilirudi Dar es Salaam nikaenda maktaba yetu kutafuta zile picha. Mnajua utaratibu: kipindi kikisharushwa, malighafi hufutwa kupisha kazi nyingine, maana diski hazitoshi. Kamera ya kwanza ilikuwa imefutwa yote. Picha zangu zilikuwa zimebaki kwenye diski moja, chini ya jina "kuku na mlima", hakuna aliyeona haja hata ya kuzifuta. Nilizinakili. Kama kuna ushauri mmoja mnaoutaka kwangu, ni huo. Msifute vya kujazia kabla ya kuvitazama vyote.

Kuhusu gari, nawaeleza kabisa, maana ndilo swali la kila mtu. Krenki ilichongwa, injini ikakamilika, Mzee akaifunga mwenyewe, ikawaka. Aliiacha iungurume uani kwa muda, akaizima. Hakulitoa getini. Baadaye alilitoa kwa chuo kimoja cha ufundi pale mjini, na wanafunzi hulifungua na kulifunga kila muhula. Alisema huko litashikwa na watu. Yeye sasa anaishi kwa Stela.

Lakini kabla ya hayo, baada ya arobaini, nilikwenda Mafiga na kompyuta yangu. Nilisalimia, nikakaa, nikanywa maji. Nilimwambia Mzee nilicholeta, na kwamba si lazima atazame. Alivuta kiti. Stela akakaa sakafuni kwenye miguu yake.

Hakukuwa na muziki wala maelezo. Mama Stela alikuwa anapima kitambaa juu ya gazeti. Alikuwa anatoa mapovu kwa kidole gumba. Kuku alipita. Alisema kuhusu friji, na Stela akacheka, akajifunika uso. Kisha ikaja sehemu ndefu ambayo hata mimi nilikuwa nimeisahau, niliyoipiga mchana wa siku ya pili. Mzee yuko uvunguni, miguu imetokeza nje hadi magotini. Jua la saa saba limepiga ua wote. Mama Stela anaweka brashi chini, anachukua mfuniko wa kreti, ubao mpana, anausimamisha kando ya ile miguu na kuuegemeza kwenye ndoo. Anarudi kwenye bodi. Baada ya muda jua linasogea, linaifikia miguu tena. Anaacha kazi, anakuja, anausogeza ubao kidogo. Anarudi. Jua linasogea tena. Anakuja tena, safari hii ameshika kiuno, anausogeza. Miguu ile haikutikisika hata mara moja. Mwenyewe yuko chini anaomba spana.

Mzee Mkude aliniomba nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akatazama mpaka mwisho, akaniomba tena. Mara ya tatu alisogeza uso karibu na kioo, mikono juu ya magoti.

"Siku zote zile," akasema, "mimi nilidhani pale pana kivuli."